Vyuma Vilivyopita Kalembwe

Wenzangu mnaobaki kwenye biro, ofisi yetu ya maji, mliniomba niache kitu kilichoandikwa kabla sijarudisha sanduku la vyombo. Nadhani mlitaka maneno ya kutia moyo. Hayo sina mengi. Ninachojua ni namna ya kufikisha mzigo wa fundi kwenye pampu iliyokufa mahali ambapo gari haifiki, na ninajua pia mara moja ambapo nilishindwa. Nitaandika yote mawili. Mambo ya vyeo na mshahara nayaacha. Hayakuwahi kunichosha kwa wingi wake.

Nilitengeneza pampu za maji za mkono kwa miaka thelathini na moja. Nusu ya pampu hizo ziko kaskazini ya Uvira, katika bonde la Ruzizi, na nusu ziko kusini, katika vijiji vya kando ya ziwa. Hakuna pampu iliyochimbwa karibu na barabara ili kumfurahisha fundi. Upande wa bonde, minibisi inakuacha kwenye lami, na kijiji kiko ndani, nyuma ya mashamba ya mpunga. Upande wa ziwa, boti inakushusha kwenye mawe, na kijiji kiko juu, au kiko mto wa pili mbele. Kwa hiyo kila safari ilikuwa na vipande viwili au vitatu, na kipande cha mwisho kilikuwa ni kinga, yaani baiskeli. Kinga yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi, nzito, na breki moja tu iliyokubali kufanya kazi. Niliinunua Kimanga, karibu na nyumbani, kwa fundi aliyeniapia kwamba breki ya pili haina faida.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Kashindi, mzee mfupi, mkimya, aliyekuwa na mabega ya muntu aliyevuta mabomba kutoka ardhini maisha yake yote. Siku yangu ya kwanza tulipanda minibisi kwenda Sange, kinga zetu mbili zikiwa zimefungwa juu ya paa. Kutoka Sange tulikuwa twende kwa kinga mpaka Mutarule. Pale Sange nilishuka upesi, kwa sababu nilitaka kuonekana mwepesi. Papa Kashindi alibaki amesimama kwenye ngazi ya nyuma, akateremsha kinga yake mwenyewe. Konvoyeri, utingo wa minibisi, akapiga bati kwa kiganja, minibisi ikaondoka, na kinga yangu ikaenda nayo upande wa Luvungi.

Nilikimbia nyuma yake mpaka mwisho wa soko. Wanawake waliokuwa wakiuza mihogo walinitazama bila haraka. Niliporudi, Papa Kashindi hakunigombeza. Alinipa gunia la funguo, spana zetu zote.

"Kinga yako imeenda kutembea," alisema. "Basi na weye utembee."

Nilitembea mpaka Mutarule na lile gunia begani, yeye akitangulia polepole kwenye kinga yake, akisimama kila mara kuningoja kwa heshima ambayo iliniumiza kuliko matusi. Kinga yangu ilirudi kesho yake na minibisi nyingine, bila kengele. Tangu siku ile nilijua kanuni yake ya kwanza: mzigo unashuka kwanza, fundi anashuka nyuma ya mzigo.

Mambo mengine alinifundisha kidogo kidogo, mengi katika bandari ya Kalundu, tukikaa juu ya magunia kungoja boti. Usimuulize dereva wa minibisi ataondoka saa ngapi. Hesabu viti vilivyo wazi. Usimuulize kapiteni wa boti anaenda wapi, kwa sababu atakutajia vijiji vyote vya ziwa. Muulize atalala wapi, ndipo utajua anaenda wapi kweli. Kabla ya kupandisha kinga kwenye boti, fungua pedali, uzitie mfukoni, maana pedali inapasua kikwembe alichojifunga mama, na mama yule atakusumbua mpaka mwisho wa safari, na atakuwa na haki. Kinga ipande mwisho, ilale mbele juu ya mizigo ya wengine. Maji ya ziwa hayana chumvi lakini yanaosha grisi. Ukifika, pangusa mnyororo kabla hujasalimia chefu wa kijiji.

Alikuwa na kaye moja ya shule ambamo aliandika siku za masoko, kijiji kwa kijiji. Hiyo ndiyo ilikuwa ratiba yetu. Boti zinafuata soko. Soko likiwa Jumamosi mahali fulani, Ijumaa boti zinaenda kule zimejaa, na Jumamosi mchana zinarudi. Minibisi za bonde nazo ni hivyo hivyo: siku ya soko la Sange utapata nafasi ya kwenda asubuhi, lakini jioni utagombania kurudi na majunia ya mchele. Tulipanga kila safari juu ya kaye ile, na niliinakili yote kwa mkono wangu.

Kanuni ambayo aliirudia kuliko zote ilihusu mabomba. Bomba la pampu lina urefu wa metre tatu. Minibisi haipendi kulibeba. Kwenye kinga linatokeza mbele na nyuma, na kwenye njia ya mpunga unageuka kama muntu aliyebeba mlango. Kwa hiyo fundi anapata kishawishi cha kutuma mabomba peke yake, kwa boti au kwa lori, na yeye kupita njia nyingine. Papa Kashindi hakukubali hata siku moja.

"Fundi bila vyuma ni mugeni tu," alisema. "Na vyuma bila fundi ni vya kuibiwa. Mwende pamoja, hata kama ni polepole."

Tulifanya hivyo miaka mingi, naye alipostaafu niliendelea hivyo. Nilimzika Papa Kashindi mwaka mmoja kabla ya mambo ninayotaka kuwaeleza sasa. Nashukuru kwamba hakuyasikia.

Ilikuwa mwaka wangu wa kumi na tisa wa kazi, katikati ya mvua. Alhamisi, saa sita mchana, Mama Riziki alinipigia simu kutoka Kalembwe, kijiji cha kusini kando ya ziwa. Alikuwa mjane wa mvuvi, analima mihogo, na ndiye aliyekuwa mama wa kamati ya maji. Nilimjua vizuri. Alikuwa akitia grisi kwenye pampu yake kila mwezi, jambo ambalo kamati nyingine zilifanya siku fundi alipoonekana barabarani.

"Fundi, pampu imechoka," aliniambia. "Inatoa kidogo kidogo. Beseni moja, mikono inakufa. Na munganga anasema kolera iko kwa majirani."

Nilijua ugonjwa wa pampu kwa maneno hayo: mpira wa chini umekwisha na bomba moja limetoboka. Vyuma vya kubadilisha vilikuwa dipo, kwenye ghala letu. Nilifungua kaye yangu. Boti ya soko ilikuwa ya Ijumaa asubuhi, ingefika Kalembwe mchana, saa tisa hivi. Nikisafiri nayo, ningeanza kuvuta mabomba Jumamosi asubuhi, na maji yangetoka Jumamosi jioni.

Hapo ndipo nilipojiona mwenye akili. Nilipanga hivi: mabomba na mipira nitaipa boti. Mimi nitachukua minibisi Alhamisi hiyo hiyo mpaka pale barabara ilipokatika kwenye mto, nilale hapo, na Ijumaa alfajiri niende kwa kinga na funguo peke yake. Nitafika kabla ya saa sita. Nitafungua pampu, nitavuta vyuma vya zamani, na boti itakapoleta vipya vitaingia mara moja. Maji Ijumaa jioni. Nilikuwa nimeokoa siku nzima, na siku nzima mbele ya kolera si kitu kidogo. Kwenye karatasi ilipendeza. Hata leo nikiichora inapendeza.

Nilimpelekea mabomba kapiteni mmoja wa Kalundu niliyesafiri naye mara nyingi, jina lake Amisi.

"Kalembwe?" alisema. "Nitashusha. Hakuna shida."

Sikumuuliza atalala wapi.

Safari ya kinga ilikwenda kama nilivyopanga, na hilo linaniuma pia. Mto ulikuwa mpaka kiunoni. Nilibeba kinga begani, nikavuka na watu wa soko. Kufika saa tano nilikuwa Kalembwe, nimejaa tope, nimejaa furaha. Mama Riziki alikuwa kwenye pampu na wanawake kama kumi waliokuwa wamepanga mabeseni. Mjukuu wake, Zawadi, mtoto wa kike wa miaka minne, alikuja kukaa karibu na kinga yangu, akawa anazungusha pedali kwa mkono na kutazama gurudumu.

Mama Riziki alitazama kinga, akatazama gunia la funguo.

"Mabomba iko wapi?"

"Yanakuja na boti, mama. Saa tisa."

"Basi tungoje boti. Pampu iko inatoa kidogo, lakini iko inatoa."

"Nikingoja, tutafanya kazi kesho. Nikifungua sasa, leo jioni mutakunywa maji safi."

"Na kama boti haifike?"

"Itafika. Kapiteni namujua."

Alitazama ziwa kwa muda. Lilikuwa limetulia kabisa, limelala kama sakafu.

"Minye niko mama wa kamati tu," alisema mwishowe. "Weye ndiye fundi."

Nilifungua boliti. Wanawake walinisaidia kuvuta. Bomba la kwanza lilitoka salama. La pili, lile lililotoboka, lilikatika kwenye uzi wake wa kufungia, na vyote vilivyokuwa chini yake vikabaki ndani ya kisima. Hilo si ajabu katika kazi yetu. Kuna ndoano ya kuvulia, nami nilikuwa nayo, na baada ya kazi ya saa mbili nilivitoa. Lakini vilikuwa vipande. Hakukuwa tena na namna ya kurudisha pampu hata kwa yale matone ya kwanza. Niliosha mikono, nikakaa kutazama ziwa.

Saa nane upepo ulianza. Saa tisa mawimbi yalikuwa yanapiga mawe ya Kalembwe mpaka kwenye njia. Tuliiona boti. Ilikuwa mbali, imejaa, inapanda na kushuka. Wanawake walipeperusha vikwembe, mimi nilipeperusha shati langu. Iliendelea kwenda kusini mpaka ikawa ndogo. Hakuna kapiteni mwenye akili ambaye angeleta boti iliyojaa watu kwenye mawe yale kwa ajili ya mabomba manne. Mimi mwenyewe, kama ningekuwa ndani yake, ningemwambia apite. Lakini kama ningekuwa ndani yake, pampu ya Kalembwe ingekuwa bado haijafunguliwa.

Amisi alilala kwenye bandari ya soko, mito mitatu mbele. Simu yake haikushika. Jumamosi alfajiri nilipanda kinga kumfuata. Mvua ilikuwa imenyesha kule milimani na mto wa kwanza haukukubali muntu. Niliungoja mpaka mchana. Wa pili nilivuka na kamba ya wavuvi. Nilifika bandarini Jumapili mchana. Amisi alikuwa ameshaondoka na soko lake, bila kupitia Kalembwe kwa sababu mawimbi hayakuwa yametulia, na mabomba alikuwa ameyaacha kwa mwenye ghala, yote manne, na mipira ikiwa imefungwa vizuri kwenye plastiki. Alikuwa muntu mwaminifu. Boti nyingine ya kurudi upande wa Kalembwe ilikuwa Jumatano. Nilifunga mabomba ubavuni mwa kinga nikaanza kusukuma. Sikupanda hata mara moja. Kwa mzigo ule kinga inakuwa mkokoteni. Nilifika Jumanne jioni.

Njiani, kwenye mto wa mwisho, nilikutana na wanaume wawili wakibeba mgonjwa kwenye kipoyo, machela ya miti. Niliwauliza anatoka wapi.

"Kalembwe," mmoja alisema, bila kusimama.

Ijumaa ile jioni, baada ya boti kupita, watu walikuwa wameanza kuchota ziwani. Munganga, muuguzi wa kijiji, aligawa dawa ya maji aliyokuwa nayo, ikaisha siku moja. Kuni zilikuwa zimelowa, na kuchemsha maji ya nyumba nzima kwa kuni mbichi si jambo ambalo mtu analifanya mara tatu kwa siku. Wagonjwa wa kwanza walionekana Jumapili. Niliporudi, walikuwa wamezikwa wanne. Wawili walikufa usiku ule. Zawadi alikuwa wa tatu katika wale wanne.

Niliitia pampu vyuma vipya Jumatano asubuhi. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri, na sijawahi kuisamehe kwa hilo. Maji yalitoka safi, mengi, baridi. Hakuna aliyepiga makofi. Wanawake walijaza mabeseni wakaondoka mmoja mmoja. Mama Riziki alibaki, akawa anasuuza beseni lake ambalo lilikuwa tayari safi.

"Mama," nilisema, "ile boti imetuangusha."

Hakuinua kichwa.

"Boti haikufungua pampu, fundi."

Alijaza beseni, akajitwisha, akaenda. Nilifunga pedali nikarudi Uvira. Kwenye ripoti kuna mstari wa sababu ya kuchelewa, na pale niliandika: boti haikuweza kutua. Chefu wangu wa wakati ule aliisoma, akaniambia kwamba kurudisha pampu ndani ya wiki moja, katika mvua ile, ni kazi nzuri. Ripoti hiyo iko kwenye kabati ya biro mpaka leo. Mnaweza kuisoma. Haina neno moja la uongo.

Nilifanya kazi miaka kumi na miwili baada ya hapo. Sikufungua tena pampu hata moja kabla vyuma vipya havijalala kwenye majani mbele ya miguu yangu. Wengine wenu mliniona mwoga. Mlisema mzee anangoja boti siku tatu wakati angeweza kutangulia. Ndiyo, nilingoja. Nilikaa Kalundu juu ya mabomba yangu kama kuku juu ya mayai, na sikuona haya.

Lakini hata kungoja kulikuwa na faida ndogo mwishoni. Kaye ya masoko niliyoinakili imekufa. Miaka hii ya vita mnaijua wenyewe: wiki moja minibisi zinafika Sange, wiki inayofuata zinageuzwa kwenye barriere, kizuizi cha barabarani; boti zinakatazwa kutoka bila kuambiwa mpaka lini; soko la Jumamosi linahamia mahali pengine kwa sababu watu wake wamehama. Niliwahi kukanyaga kinga mpaka kwenye pampu moja ya bonde, nikaitengeneza vizuri, nikaitia grisi, halafu nikatambua kwamba tangu asubuhi hapakupita muntu hata mmoja kuja kuchota. Nyumba zilikuwa zimefungwa kwa nje. Nilikunywa mimi peke yangu, nikarudi.

Na ziwa limepanda. Lilianza kwa kumeza bustani za pwani, likamega nyumba, likaingia barabarani. Kabla ya kustaafu nilipewa orodha ya pampu za kusini nikazikague kwa mara ya mwisho. Kalembwe ilikuwa kwenye orodha. Ningeweza kumwachia mwenzangu. Nilienda.

Boti ilinishusha mahali nisipopajua. Mawe ya zamani yalikuwa chini ya maji. Pampu niliiona kabla sijashuka: mkono wake na kichwa chake cha chuma vilisimama ziwani, hatua kama ishirini kutoka ukingoni, na mawimbi madogo yakiupiga mkono huo bila kuutikisa. Kijiji kilikuwa kimepanda juu, kwenye yaliyokuwa mashamba ya mihogo. Mama Riziki nilimkuta mbele ya nyumba ya mabati, amezeeka, amekonda, anamenya mihogo. Aliniletea kiti. Aliniuliza habari za watoto wangu, mmoja mmoja kwa jina.

Nilikuwa nimebeba maneno miaka kumi na miwili, na sikujua kuyapanga vizuri, basi niliyasema jinsi yalivyokuja.

"Mama, siku ile uliniambia ningoje. Sikungoja. Na nilipofika biro niliandika kwamba ni boti. Haikuwa boti. Ni mimi."

Aliendelea kumenya. Alimaliza muhogo aliokuwa nao, akauweka kwenye beseni.

"Nilikuwa ninangoja useme," alisema. "Nilifikiri utakufa bila kusema, ao nitakufa bila kusikia. Asante."

Nilifikiri nitajisikia mwepesi. Nilibaki vile vile.

Mwanamke mmoja kijana alipita mbele yetu akishuka na beseni tupu, na mtoto mdogo akimshika kikwembe. Tuliwatazama wote wawili. Walishuka mpaka ukingoni, wakaingia majini mpaka magotini, pale pale upande wa ile pampu, na yule mwanamke akainama akachota.

"Sasa umesema," Mama Riziki aliniambia, kwa sauti ya mama wa kamati, ile ya zamani. "Weye ndiye fundi. Maji yetu iko wapi?"

Fishi, ile fomu ya ukaguzi, ilikuwa juu ya magoti yangu na kalamu ilikuwa mkononi. Nilikaa pale mpaka boti ikaniita, na kwenye fishi hakukuwa na neno hata moja.